Kikombe cha Florinda

Sheria ni fupi: ukifukua chombo kaburini, nyumba yako itazika chombo cha namna hiyohiyo, kilichotumika. Sahani kwa sahani, chungu kwa chungu.

Kazi yangu ni kuchimba makaburi ya kale ya Wamaya, wahenga wetu, hapa Petén. Jana brashi yangu ilifunua kikombe cha mtoto, chekundu, kimechorwa tumbili, kimetobolewa kitakoni. Wahenga walitoboa vyombo vya marehemu ili roho ipate pa kutokea. Nilikifukia upesi kwa mikono miwili. Wapi! Mashine ya serikali inayorekodi kila kinachofukuliwa ilishakiona.

Nyumbani tuna kikombe kimoja tu cha mtoto.

"Cha Florinda?" mke wangu alifoka. "Mwanangu hajafa!"

"Mama Florinda, tangu yale mafuriko..."

"Hajaonekana, basi! Umeona maiti, wewe? Vinavyotobolewa ni vya wafu!"

Leo asubuhi maofisa wamekuja na keekee. Walikuwa wapole, na upole wao ndio ulionichoma. Walikitoboa kikombe kitakoni, wakatuachia hadi adhuhuri, saa ya kukizika.

Walipotoka tu, mke wangu alikikwapua, akaziba tundu kwa kidole gumba, akaninyooshea.

"Mimina uji. Mtoto asije akakikuta kitupu."

"Uji unachemka, mama."

"Mimina, Baba Florinda!"

Nikamimina. Uji ukapenya, ukamtiririka mkononi hadi kwenye kiwiko. Kidole hakukitoa. Alikuwa anatazama mlango.