Kofia ya Sangara

Palikuwa na Korongo, mwenyekiti wa mashindano ya kuvua samaki ziwani. Sheria yake ilikuwa moja: samaki anavuliwa, anapimwa uzito, anapigwa picha, kisha anarudishwa majini akiwa hai. Mwaka mmoja samaki waligoma.

"Mnatuchana midomo, halafu mnajisifu kwamba mnatupenda!" alifoka Sangara, kiongozi wa mgomo.

"Maneno mazito hayo, mheshimiwa," Korongo alimjibu kwa upole. "Mtu kama wewe kukaa nje ya kamati ni hasara. Kuwa makamu wangu."

Akamvika kofia ya kamati, nayo ikamkaa vizuri ajabu.

Asubuhi ya mashindano, Sangara alizunguka ziwa zima akiwahimiza samaki wajitokeze kwa wingi.

"Kwani ndoano imeacha kuuma?" Sato alimuuliza.

"Ni mchezo tu, dada yangu. Mimi nimevuliwa mara ngapi? Na leo tazama nilipofika."

"Basi tangulia, kaka, nasi tutakufuata."

Sangara akaiweka kofia yake sawa.

"Ningependa sana," alisema, "ila leo mimi ndiye mgeni rasmi."