Msichana wa Kitabuni

Jumwa alikifunga kitabu kabla msichana hajavuka mto, akakitumia kupepea moto. Kuni zilikuwa mbichi na uji ulikuwa haujachemka.

Mtoto aliyembeba mgongoni alianza kulia. "Mama," alisema, na hilo ndilo neno pekee alilolijua.

"Nipo," Jumwa alimjibu.

Kitabu kilikuwa cha mwalimu Sarah, aliyefundisha wasichana katika shule ndogo ya misheni hapo Garsen. Tangu Serikali ya kikoloni ianze kupeleka wafungwa kwenye kambi ya Hola, malori yalipita mara kwa mara, na mojawapo lilimletea mwalimu sanduku la hadithi za vijana kutoka Mombasa. Jumwa aliwahi kusoma kwake, kabla kazi za nyumbani hazijamzidi. Mwenye nyumba alikuwa Mombasa, akifanya kazi bandarini, na habari zake zilifika kwa nadra. Shamba la mpunga, maji, kuku, homa za watoto, vyote vilimwangukia Jumwa. Alisoma jikoni, mkono mmoja ukiwa kwenye mwiko.

Karibu kila hadithi ilimchosha. Katika moja, msichana alilia kurasa nzima kwa kukosa gauni la Krismasi. Katika nyingine, mvulana alitoroka kwao kwenda kuona ulimwengu, na mwandishi hakusema hata mara moja ni nani aliyebaki akilinda mpunga usiliwe na viboko. Ukurasa mmoja tu ndio uliomgusa: msichana alilala hadi jua likapanda, wala hakuna aliyemwamsha. Huo aliurudia mpaka mtoto akaumwagia uji.

Mwalimu Sarah alikuja jua lilipoanza kupoa. Alimkuta Jumwa akipepeta mpunga. Kando yake Kaviha, binti wa miaka saba, aliokota punje zilizoanguka.

"Umekimaliza?" mwalimu aliuliza.

"Nimekiachia njiani, Mwalimu. Msichana anataka kuvuka mto aende shule, halafu analia eti mama yake hamwelewi. Mama yake anamwelewa sana. Amechoka tu."

"Watu wa umri huo ndivyo walivyo."

"Basi wana raha," alisema Jumwa.

Mwalimu aliketi juu ya kinu kilicholazwa. Hakucheka kama siku nyingine.

"Kuna nafasi katika shule ya bweni ya wasichana, huko pwani," alisema. "Aliyechaguliwa ameugua, hataweza kwenda. Lori linaondoka kesho asubuhi. Nimeomba nafasi hiyo ije nyumba hii."

Jumwa aliacha kupepeta. Alimtazama Kaviha, miguu yake myembamba na vumbi la mpunga kwenye nywele. Bila Kaviha, nani angemshika mtoto wakati wa kwenda mtoni?

"Nitapungukiwa sana bila yeye," alisema. "Lakini aende. Sitaki aishi ninavyoishi."

"Sikumsema Kaviha. Nimekuombea wewe."

Jumwa aliuweka ungo chini. Wazo lenyewe lilimlemea kuliko mtungi wa maji.

"Na hawa?"

"Watakaa kwangu. Nimeshazungumza na mume wangu, amekubali."

"Mwalimu, watampokea mtu kama mimi?" Alimwonyesha viganja vyake vilivyoota sugu za jembe. "Wakiniona hivi wataniambia nirudi nikalee watoto wangu."

Mwalimu alinyoosha mikono kumpokea mtoto. Kaviha aliacha kuokota, akawa anawatazama wote wawili.

Jumwa alikifungua kitambaa kifuani, akamteremsha mtoto, akamweka mapajani mwa mwalimu. Kisha alibaki amesimama, mgongo mtupu, asijue mikono aiweke wapi.

"Wakiniuliza," alisema polepole, "niwaambie nini?"

"Ukweli. Waambie una miaka kumi na minne, baba yako yuko bandarini, na hawa ni wadogo zako, aliokuachia marehemu mama yako."