Kamba ya Furushi

Siku hiyo mjinga alikuwa Mzee Shomvi, na mwenyewe hakatai. Ilikuwa wiki ya tatu tangu yeye na mkewe wahamie kwa mwanawe kusaidia kulea mapacha, na furushi lake lilikuwa bado nyuma ya mlango, limefungwa kamba ya katani. Kila asubuhi alilegeza fundo, akachomoa shati moja, akalikaza tena.

"Si ulifungue tu, baba Idrisa? Tumeshafika," alisema mkewe, Bi. Kazija, pacha mmoja begani.

"Jana huyo alilia mikononi mwangu, mkweo akaja akanipokonya bila neno. Tumeshachokwa. Bora tuondoke kabla hatujaambiwa."

"Mtoto alikuwa na njaa. Wewe una maziwa?"

Mzee alijitwika furushi. Mlangoni akakutana uso kwa uso na mkwewe, Zamda, amekumbatia beseni la nepi zilizofuliwa. Zamda alimtazama yeye, kisha akalitazama furushi.

"Safari njema, baba," alisema. "Ila hiyo kamba niachie. Nepi za wajukuu wako hazina pa kuanikwa."