Fizi za Bibi Harusi

Mama mkwe mtarajiwa aliacha kuchagua mashela, akamtazama Mwanamkuu mdomoni.

"Mwanangu, hizo dawa za kifafa ziache kidogo mpaka harusi ipite. Fizi zitanywea, picha zitoke vizuri."

Duka lilikuwa limejaa, kama maduka yote ya Kariakoo siku ya Jumamosi. Mwanamkuu alijiziba mdomo kwa ncha ya mtandio, kama alivyozoea. Fizi zake zilikuwa zimeota mpaka juu ya meno, nene na nyekundu, meno ya mbele yakabaki kuchungulia kama punje za mchele. Watu walidhani hapigi mswaki. Daktari alishamwambia kwamba ni dawa inayozikuza, na kwamba asithubutu kuiacha mwenyewe.

Aliwahi kuiacha, kwa aibu. Alianguka katikati ya barabara, mtaa wa Gerezani. Alipozinduka, watu walikuwa wamemzunguka wakibishana nani amguse.

"Umenisikia, mwanangu?"

"Nimekusikia, mama."

Alifungua mkoba, akatoa kidonge, akakiweka juu ya ulimi mbele ya macho ya mama mkwe, akakimeza kwa maji ya chupa. Kisha akauachia mtandio ukaanguka mabegani.

"Mwanao alinichumbia na fizi hizi hizi," alisema. "Na kwenye picha nitacheka."

Akacheka pale pale, kwa sauti, fizi zote nje. Wateja wakageuka. Mama mkwe akamfanyia ishara afumbe mdomo.

Mwanamkuu hakuufumba.