Ukoko wa Siwema

"Nyama hali, matunda hali, maziwa hanywi. Mama, mtoto unamlisha au unamtazama?" mtafiti alimuuliza Mashavu, huku akijaza fomu ya utafiti wa matumbo ya watoto wenye usonji.

"Anakula ukoko wa wali. Mwaka wa tatu huu, ukoko tu, na tumbo halimpi usingizi. Andika."

"Ukoko haumo kwenye fomu. Nitaandika uzembe wa mzazi."

Mashavu alitoa kikapuni sufuria yenye ukoko, akaibwaga juu ya fomu. "Nimekuja unitafutie sababu, siyo mkosaji!"

Mtoto wake Siwema, aliyejikunyata ukutani akishika tumbo, alisogea mezani, akaanza kukwangua. Mtafiti aliivuta fomu yake. Sufuria ilikuwa imeikalia, na mtoto hakuwa amemaliza kula.