Kerneli ya Khisa

"Zamani ilikuwa inaanza saa kumi na moja kamili," Mama Khisa alisema, akiufungua polepole mlango wa chumba cha mwanawe. "Siku hizi hufika hata na nusu. Feni ya kompyuta inanguruma, chumba kinapata joto, na hakuna mtu ameketi hapo."

Kimutai aliweka chini begi lake la vifaa. Yeye ni fundi wa kompyuta pale Nakuru mjini, na kwa maelezo yake mwenyewe hakuna mashine iliyowahi kumshinda. Lakini leo nywele zilimsimama kidogo. Khisa alizikwa kwao Bungoma mwezi wa pili. Huu ulikuwa wa nane, na koti lake la kazi bado lilikuwa limetundikwa kwenye kiti.

"Si ungechomoa tu waya, mathe?"

"Nichomoe?" Mama Khisa alimkazia macho kama mtu aliyetukanwa ndani ya nyumba yake.

Maskini, anaogopa hata kuigusa, Kimutai akajisemea. Akamkumbuka mama yake mwenyewe kule Mau Narok, akaapa kwamba huyu mama leo atalala kwa amani.

Ilikuwa saa tisa na nusu. Akaketi, akawasha skrini. Kompyuta ilitumia mfumo wa Linux, na punde si punde akagundua kwamba marehemu hakuwa mtu wa mchezo. Khisa alikuwa amejijengea kerneli yake mwenyewe, yaani kile kiini kinachoendesha kila kitu ndani ya kompyuta. Alikuwa amepunguza hapa, akaharakisha pale, mpaka ile mashine iliyochoka ikawa inacheza gemu za mbio za magari bila kukwama hata kidogo. Kimutai alijaribu raundi moja.

"Wueh! Huyu jamaa alikuwa noma."

Kila kerneli mpya Khisa aliipa jina lake na nambari. Ya mwisho iliitwa khisa-371. Kimutai akaangalia tarehe ya kujengwa kwake.

Jana.

Akafikicha macho, akaangalia tena. Jana, saa kumi na moja, na jina la mjenzi ni Khisa. Aliinuka akaenda sebuleni, akijifanya anatafuta bisibisi ambayo ilikuwa mfukoni mwake.

Mama Khisa alikuwa ametenga chai na mandazi. Vikombe vilikuwa vitatu. Kiti chake alikuwa amekigeuza kikaangalia mlango wa kile chumba.

"Unangojea mgeni, mathe?"

"Maliza kazi kwanza, kijana wangu. Saa inaenda."

Kimutai alirudi, akajionea aibu. Fundi gani huyo anakimbizwa na tarehe? Akachimba faili moja baada ya nyingine, na ilipofika saa kumi na nusu akacheka peke yake. Mzimu gani! Khisa aliiachia mashine amri: kila siku, ikifika saa kumi na moja, ijenge kerneli upya kwa jina lake na nambari inayofuata, ili yeye akitoka kazini akute kila kitu tayari. Kazi hiyo ni nzito, ndiyo maana feni ilinguruma. Mwenye kutoa amri alikufa, lakini nani angeiambia kompyuta? Hata kule kuchelewa kulikuwa na sababu. Betri ya saa iliyo ndani ya kompyuta ilikuwa imeisha, na kila stima zilipopotea, saa hiyo ilibaki nyuma.

Akaifuta ile amri. Akazifuta kerneli za Khisa, zote mia tatu sabini na moja, pamoja na faili zote alizotumia kuzijenga, akaweka ya kawaida. Hata betri akabadilisha. Alitoka mle ndani kifua mbele.

"Imekwisha, mathe. Hakukuwa na kitu kibaya. Haitakusumbua tena, hata siku moja."

Mama Khisa alitazama saa ya ukutani; zilikuwa zimebaki dakika tano ifike saa kumi na moja. Akamimina kikombe cha tatu, akatia sukari vijiko vinne, akakifunika kwa kisahani.

Saa kumi na moja ikafika. Ikapita kwa dakika tano, ikapita kwa kumi. Kule chumbani hakukusikika hata mnong'ono, na Kimutai akatabasamu.

"Unaona? Kimya kabisa."

Mama Khisa alikuwa bado anautazama ule mlango.

"Kijana," akasema, "mimi nilikuita kwa sababu alikuwa ameanza kuchelewa."