Pua ya Hanad

"Usicheke," Nabalayo alimwambia Hanad kwa mara ya tatu. "Geuka upande. Nataka pua."

Hanad aliweka chini kisu chake cha bucha, akaitazama kamera kwa mashaka. Bado ilinuka moshi. Ndicho kitu pekee kilichookolewa pale kibanda cha picha cha Luseno, mumewe Nabalayo, kilipoteketea, Luseno mwenyewe akiwa ndani.

"Shemeji, pua tu? Luseno alikuwa anatupiga full, kofia mpaka viatu."

"Luseno hayupo. Geuka."

Alipiga, akaitazama picha, akaifuta, akapiga tena. Hasira zilikuwa zimemkaba. Mutisya, mchoraji kutoka Dandora, alikuwa ameshapanda ngazi yake nje ya ukumbi wa mtaa, na asipomaliza leo, kesho ukuta unapewa wenye tangazo la sabuni. Habari zilishazagaa mtaa mzima wa Mbotela kwamba watu wanachorwa, na kila mtu alitaka kuchorwa apendavyo yeye. Nabalayo hakuwa na nafasi ya kubishana nao.

Wekulo, fundi wa viatu, alikuwa amechana nywele na kuazima koti. Alipoambiwa linalotakiwa ni paji la uso tu, alinuna kama mtoto aliyenyimwa chapati. Mama mboga Selpher naye alikataa katakata kucheka.

"Nataka hicho kishimo cha shavuni, mama. Kidogo tu."

"Nicheke na nyanya zinaniozea hivi?"

Nabalayo alitamani kuitupa kamera mtaroni. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye alikuwa ameinama tangu asubuhi hadi kiuno kikamuuma. Akafoka kwa Kibukusu, maneno yasiyosemeka mbele ya mama mkwe, na Selpher, Mbukusu mwenzake, akaangua kicheko. Picha ikapatikana.

Alibaki Idarusi, fundi cherehani.

"Funga jicho la kushoto."

Idarusi akafunga la kulia.

"La kushoto, ndugu yangu. Sasa unakonyeza. Lifunge kama mtu aliye kazini."

"Wallahi huyu dada atatuua," Idarusi alimnong'oneza mteja wake. "Luseno alikuwa na subira."

Nabalayo alisikia. Yalimuuma, kwa kuwa yalikuwa kweli. Alipiga picha yake akaondoka bila kuaga, akampelekea Mutisya kamera, akaketi chini ya ngazi na kulia kwa uchovu.

Jioni watu walifurika ukumbini. Wekulo alikuja na lile koti. Selpher alijifunga kitambaa chake cha kanisa. Walisukumana kwenda mbele, kila mmoja akiitafuta sura yake, na minong'ono ikaanza, maana ukuta mzima ulikuwa na uso mmoja tu.

Hanad aliiona pua yake. Alifungua kinywa kulalamika, kisha akaona ilipokaa: chini ya paji la Wekulo, juu ya kishimo cha Selpher. Akavua kofia.

Mtu aliyewapiga wote picha miaka yote, na ambaye hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumpiga yeye, alikuwa akiwatazama kutoka ukutani, jicho la kushoto amelifumba.